Kutoka Chachu Hadi Kimeng'enya: Historia ya Dhana na Jina Lake

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha afya ili akitie katika Kiswahili hawezi kufika mbali kabla hajakutana na habari za vitu vidogo sana ambavyo mwili huvitumia kuvunja chakula. Wako waandishi walioviita vichocheo, wako walioviita chachu, wako waliovichanganya na asidi au nyongo, na wako walioliacha neno la kigeni likavaa vazi la Kiswahili na kuwa enzaimu. Istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika vitabu vyetu ni kimeng'enya, na wingi wake vimeng'enya.

Katika makala haya hatukusudii kuitetea istilahi hiyo kwa sababu tu imo katika kamusi. Tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kila jina lililopata kupewa jambo hili lilibeba ndani yake nadharia fulani, na kwamba nadharia ilipoanguka, jina nalo lilianza kupotosha. Mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kuurudisha msomaji wake nyuma miaka mia mbili kwa neno moja tu. Na kama tutakavyoona mwishoni, kosa la namna hiyo halikomei kwenye karatasi; hufika hata kwenye chakula cha mtoto.

Vitenzi tulivyo navyo

Kabla hatujawageukia wataalamu wa mbali, yafaa tutazame vitenzi vyetu wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema kwamba tumbo husaga chakula. Vitabu vya afya vya zamani vilipenda kusema kwamba tumbo huyeyusha chakula. Chakula kilichomkalia mtu vibaya husemwa kwamba kimemchachia tumboni. Na tunacho kitenzi kumeng'enya, maana yake kukivunjavunja kitu kuwa vipande vidogo vidogo.

Vitenzi hivi havina maana moja. Kusaga kunataka jiwe na nguvu. Kuyeyusha kunataka joto au majimaji, na kitu kilichoyeyuka hakikubadilika asili yake: chumvi iliyoyeyuka majini ni chumvi bado. Kuchacha kunataka muda, na mwisho wake ni uchungu au uchachu. Kumeng'enya kunataka kitu kinachokivunja kingine kipande kwa kipande. La ajabu ni kwamba picha hizi hizi ndizo zilizowagawa wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi, walipojiuliza chakula hufanywa nini tumboni.

Jiko, kinu na mtungi

Wayunani wa kale walishika picha ya jiko. Neno lao la kazi ya tumbo, pepsis, lilikuwa pia neno la kupika na la kuiva kwa matunda. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2, alifundisha kwamba joto la mwili hukipika chakula tumboni, na mafundisho yake yalitawala muda mrefu sana.

Katika karne ya 17 zikatokea picha mbili nyingine. Jan Baptist van Helmont wa Brussels alishika picha ya mtungi wa pombe: alisema kwamba kila kiungo kina chachu yake, na chakula hugeuzwa kwa kuchachuka. Mtaliano Giovanni Borelli, aliyeutazama mwili kama mashine, alishika picha ya kinu. Aliipima nguvu ya firigisi ya bata mzinga na kuona jinsi inavyoponda vitu vigumu mno. Yeyote aliyepata kumpasua kuku na kukuta vijiwe ndani ya firigisi yake hatashangaa kwamba hoja hiyo iliwavuta wengi.

Aliyeutafutia mgogoro huu ushahidi ni Mfaransa René de Réaumur, ambaye matokeo ya kazi yake yalitangazwa mwaka 1752. Réaumur alikuwa na mwewe, ndege ambaye hukitapika kile asichoweza kukitumia. Alitia nyama ndani ya vijibomba vya chuma vilivyozibwa ncha zake kwa wavu wa waya, akamlisha mwewe. Vijibomba vilipotapikwa vilikuwa vizima, havikupondwa. Lakini nyama iliyokuwa ndani ilikuwa imeliwa juu juu na kulainika, wala haikuwa na harufu ya kuoza. Hapakuwa na kinu, kwa maana chuma kiliikinga nyama. Hapakuwa na kuoza, kwa maana pua ilishuhudia. Kilichobaki ni majimaji yaliyopenya kwenye wavu.

Mtaliano Lazzaro Spallanzani akaiendeleza kazi hiyo hata kwa mwili wake mwenyewe. Alimeza vifuko vidogo vya kitani vyenye chakula ndani, akavichunguza vilipotoka. Alikusanya majimaji ya tumbo, akayatia pamoja na nyama katika vijibomba, na ili yapate joto la mwili aliviweka kwapani kwa siku kadhaa. Nyama ikalainika na kuvunjika nje ya tumbo lolote. Basi ilikwisha kuwa dhahiri kwamba kazi hii ni ya kikemia, na kwamba yaweza kutendeka hata pasipo kiungo chenyewe.

Hapa tunaweza kusema kwamba kitenzi kusaga kilishindwa katika uwanja wa sayansi, ingawa kinaweza kubaki katika mazungumzo, na kinafaa kabisa kwa kazi ya meno. Kitenzi kuyeyusha ndicho kilichotwaa nafasi. Lakini nacho hakikudumu.

Asidi peke yake haitoshi

Mwaka 1824 Mwingereza William Prout alitangaza kwamba asidi iliyomo tumboni ni ile ya haidrokloriki. Wengi wangeweza kuridhika hapo: asidi kali hula vitu, basi na iwe hiyo ndiyo iyeyushayo chakula. Hata leo hukutana na maelezo ya namna hiyo katika maandishi ya Kiswahili.

Hata hivyo ushahidi ulikuwa njiani. Mwezi Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana Mkanada aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Aliokoka, lakini jeraha lilipopona lilibakiza tundu lililoingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kuanzia mwaka 1825 kutazama chakula kikibadilika, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1833. Sayansi ilipata faida kubwa, St. Martin mwenyewe, aliyekuwa maskini na mtumishi wa daktari huyo huyo, alifungiwa vipande vya chakula kwenye uzi na kutumbukizwa navyo mara nyingi, akarudi kwao zaidi ya mara moja kwa kuchoshwa. Si vema kumsahau tunapohesabu waliochangia elimu hii. Beaumont aliona kwamba asidi pekee hailingani kwa nguvu na majimaji halisi ya tumbo.

Mwaka 1836 Mjerumani Theodor Schwann aliionyesha ile sehemu iliyokuwa ikikosekana, akaiita pepsini, kutokana na lile neno la kale la Kiyunani. Kwa hiyo jina hili, ambalo wanafunzi wetu hulikariri, lina jiko la Galen ndani yake. Pepsini haipiki kitu, lakini jina limebaki. Hili ni fundisho la kwanza kwa mwanaistilahi: jina likikwisha kukaa, asili yake hufifia, na kinachobaki ni matumizi.

Kimea

Miaka mitatu kabla ya Schwann, yaani mwaka 1833, Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikuwa wakishughulika na jambo ambalo kwetu lina jina la siku nyingi. Walichukua kimea cha shayiri, wakakitoa maji yake, wakayatia spiriti, wakapata kitu cheupe ambacho kiasi chake kidogo kiliweza kugeuza wanga mwingi kuwa sukari. Kilipotiwa moto mkali kiliharibika na kuacha kazi. Wakakiita diastesi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutenganisha.

Bibi anayeloweka ulezi au mtama, akauacha uchipue, akauanika na kuusaga ili kutengeneza togwa au pombe, anakifahamu kimea kwa kazi yake, ijapokuwa hakuitenga diastesi katika chupa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania waliandika juu ya jambo hili kwa manufaa ya watoto wachanga. Uji mzito una lishe lakini mtoto hawezi kuumeza; ukiongezwa maji humezeka lakini lishe yake hupungua. Kijiko cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi huugeuza kuwa mwepesi bila kuongeza maji, kwa sababu vimeng'enya vya kimea huvunja minyororo ya wanga. Kikitiwa katika uji unaochemka sana hakifanyi kitu, kwa sababu ileile waliyoiona Payen na Persoz.

Vivyo hivyo mpishi wa mishkaki apakaye nyama papai bichi anatumia papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai kinachovunja protini. Mwalimu anayetafuta mfano wa darasani hana haja ya kwenda mbali. Amwambie mwanafunzi atafune ugali polepole bila kumeza. Utamu utakaojitokeza ni kazi ya amilesi ya mate, ndugu wa ile diastesi ya kimea.

Ugomvi wa chachu

Hadi katikati ya karne ya 19 vitu hivi vyote, pepsini, diastesi, na hata hamira ya mkate, viliitwa kwa jina moja la chachu. Hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipozuka. Louis Pasteur alishikilia kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Pasipo uhai wa hamira hapana pombe. Justus von Liebig, Mjerumani, alishikilia kwamba ni kemia tu. Ilibidi watu waseme chachu zenye uhai na chachu zisizo na uhai, na jina moja likawa mzigo.

Katika miaka ya 1870 Willy Kühne wa Heidelberg, ambaye ndiye aliyekiita kimeng'enya cha kongosho tripsini, alipendekeza neno jipya kwa zile zisizo na uhai. Akaliunda kwa Kiyunani, na maana yake ni "ndani ya chachu". Hilo ndilo neno ambalo lugha nyingi za Ulaya zinalitumia hadi leo, na ndilo lililozaa enzaimu yetu. Tazama basi kinyume chake: neno lililokusudiwa kuvitenga vitu hivi na chachu hai lilibeba chachu katika jina lake.

Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga, akakamua maji yake yasiyo na chembe hata moja hai, akayatia sukari. Maji yakachachuka. Ilionekana kwamba hata ndani ya hamira kazi hufanywa na vimeng'enya. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907. Mwaka 1926 James Sumner wa Marekani alipata fuwele za yuresi na kuonyesha kwamba ni protini. John Northrop akafanya hivyo kwa pepsini mwaka 1930. Kwa miaka mingi vitabu vikafundisha kwamba kila kimeng'enya ni protini, mpaka katika miaka ya 1980 ilipogunduliwa kwamba hata baadhi ya molekuli za RNA hufanya kazi hiyo. Sidney Altman na Thomas Cech walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989 kwa ugunduzi huo.

Fundisho la pili ni hili: waliovipa vitu hivi majina kwa kufuata mahali vilipoonekana, au kitu vilichofikiriwa kuwa, walipitwa na wakati. Majina yaliyofuata kazi yalidumu zaidi.

Faida na kasoro ya neno letu

Kimeng'enya ni jina la kazi. Halisemi kwamba kitu hiki kimo katika chachu, wala kwamba kinapika, wala kwamba ni protini. Linasema kwamba kinavunja kidogo kidogo, na hivyo ndivyo ilivyo katika njia ya chakula. Amilesi ya mate na ya kongosho huvunja wanga. Pepsini huvunja protini katika asidi ya tumbo. Tripsini huendelea nazo katika utumbo mwembamba, ambako asidi imekwisha kupozwa. Lipesi huvunja mafuta. Vimeng'enya vya ukuta wa utumbo mwembamba humalizia sukari zilizobaki, ndipo chakula kiweze kuingia katika damu. Kitenzi kuyeyusha hakiwezi kubeba maana hiyo, kwa kuwa wanga uliovunjwa si wanga tena, umekuwa sukari.

Kasoro yake nayo tuikubali. Mwilini vimo vimeng'enya vingi ambavyo havivunji kitu, bali huunganisha. Mwanafunzi makini atauliza: kinachounganisha kitaitwaje kimeng'enya? Jibu letu ni lile la pepsini isiyopika. Jina lilizaliwa tumboni, kisha likapanua makao. Mwalimu aseme hivyo waziwazi darasani, wala asiogope. Neno kichocheo, ambalo wengine wamelipendekeza badala yake, ni pana mno: limekwisha kutumika kwa vitu vya kemia visivyo vya mwili, na pengine hata kwa homoni, ambazo hupeleka ujumbe wala hazivunji chakula.

Kosa linapofika kwenye chakula

Tulisema kwamba kosa la istilahi laweza kufika mezani. Chukua mfano wa maziwa. Sukari ya maziwa huitwa laktosi, na kimeng'enya kinachoivunja huitwa laktesi. Watoto wachanga karibu wote wanayo laktesi ya kutosha. Kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungua sana kadiri wanavyokua, na hilo si ugonjwa. Laktosi isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha, hapo chachu ikiwa neno la haki kabisa. Ndipo mtu hupata gesi, tumbo kuunguruma, na kuhara.

Jambo hili lina historia katika nchi zetu. Uchunguzi uliofanywa Uganda na kutangazwa mwaka 1966 ulionyesha kwamba hali ya laktesi hutofautiana baina ya jamii zenye asili ya ufugaji na zile za wakulima. Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulioonyesha kwamba uwezo wa kuendelea kuwa na laktesi ukubwani ulizuka miongoni mwa wafugaji wa Afrika kwa mabadiliko ya kurithi yaliyo tofauti na yale ya Ulaya.

Sasa tuseme mfasiri anapokea kijikaratasi cha hospitali kuhusu hali hii, na kwa kukosa neno anaandika "mzio wa maziwa". Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya maziwa. Hata tone dogo laweza kumhatarisha mwenye mzio, na hapana budi aepuke maziwa kabisa. Aliyepungukiwa laktesi hayumo hatarini namna hiyo. Aghalabu anaweza kunywa kiasi kidogo, au kunywa maziwa ya mgando, ambayo sehemu ya laktosi yake imekwisha kuvunjwa na bakteria. Kwa neno moja lisilo mahali pake, familia nzima yaweza kunyimwa chakula chema bila sababu. Na kosa likigeuka upande wa pili, mwenye mzio wa kweli akaambiwa ni "tumbo kutozoea", madhara ni makubwa zaidi.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matano kwa wafasiri, walimu na watumishi waandikao habari za afya.

Kwanza, kimeng'enya kitumike kwa dhana ya jumla, na chachu na hamira ziachiwe kazi ya kuchachusha. Apostrofi ya ng' isidondoshwe katika kupiga chapa, maana pasipo hiyo neno hubadilika sauti.

Pili, nyongo na asidi visiitwe vimeng'enya. Nyongo huyatawanya mafuta kuwa matone madogo ili lipesi ipate kuyavunja. Asidi huiandalia pepsini mahali pa kazi.

Tatu, mwisho -esi utumike kwa vimeng'enya vinavyoitwa kwa vitu vinavyovivunja, na -osi kwa sukari zenyewe. Lakini majina ya zamani, kama pepsini na tripsini, yaachwe yalivyo. Mwandishi akumbuke kwamba kati ya laktosi na laktesi ipo irabu moja tu. Mara ya kwanza aandike kwa ukamilifu: "laktesi, yaani kimeng'enya kinachovunja laktosi".

Nne, mzio utengwe kabisa na kutohimili laktosi.

Tano, mfasiri wa vibandiko vya dawa za vimeng'enya asiongeze ahadi. Vidonge hivyo ni tiba ya lazima kwa mtu ambaye kongosho lake limeshindwa kazi. Maneno "husafisha tumbo" au "hutibu magonjwa yote ya tumbo" si tafsiri, ni uchuuzi.

Réaumur alihitaji mwewe na kijibomba cha chuma ili kutenganisha kusaga na kuyeyusha. Mfasiri wa leo hahitaji zaidi ya kujiuliza, kabla ya kuandika, kitu anachokitaja hufanya kazi gani. Akilijua hilo, neno la Kiswahili atalipata, na mama atakayesoma kijikaratasi kile kliniki atajua la kumpa mtoto wake na la kumnyima.